Yai Kugeuka Kifaranga

Rasi ya Msasani, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, ina joto jingi, hasa mwezi wa Januari na wa Februari. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba mayai ya kuku yakiwekwa pembeni mwa darasa yatatoa vifaranga bila kuatamiwa. Sivyo. Yai lataka joto la digrii 38 hivi, usiku na mchana, kwa muda wa siku 21. Joto la Msasani wakati wa mchana hufika digrii 32 hivi, na usiku hupungua. Joto hilo laweza kukianzisha kiumbe kilichomo ndani ya yai, lakini halitoshi kukikamilisha. Basi huanza kukua, kisha hufa, na yai huwa viza. Ndiyo sababu mayai ya kuatamiwa huwekwa mahali pa baridi, wala hayafai kukaa zaidi ya siku 7.

Njia nyepesi ni kumweka koo anayetaka kuatamia katika tenga lenye majani makavu, pembeni mwa darasa, penye utulivu. Hapo wanafunzi huweza kuitazama kazi yake. Manyoya ya kifua chake hupungua, ili ngozi yenye joto iyaguse mayai. Huyageuza kwa mdomo mara nyingi kila siku, kiumbe kisije kikagandamana na ganda. Huondoka kwa dakika chache tu, ale na kunywa, kisha hurudi upesi. Hakufundishwa na mtu. Mungu ndiye aliyemtia maarifa hayo. Wamisri wa kale walitotoa mayai katika tanuu za udongo, na siku hizi ziko mashine za umeme. Lakini zote humwiga kuku tu.

Siku ya 7 yai humulikwa kwa taa gizani. Ikionekana mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui, mna uhai. Kama nuru yapenya na hamna mishipa, yai hilo liondolewe.

Siku ya 21 kifaranga hutoboa ganda kwa jino dogo lililo juu ya mdomo wake, ambalo huanguka baadaye. Kazi hii huweza kuchukua mchana na usiku. Pengine hunyamaza kwa saa nyingi, na wanafunzi humwonea huruma, wakatamani kumbandulia ganda. Huruma hiyo huua! Maana wakati huo damu ya mishipa iliyo chini ya ganda inarudi mwilini mwake, na kiini kilichosalia kinaingia tumboni. Akifunguliwa mapema, mishipa hukatika, akatokwa na damu, akafa. Akiachwa, hutoka na akiba yake tumboni, hata aweza kukaa siku 2 bila kula.

Basi atakaye vifaranga na ajifunze mambo mawili: kutochoka kuyaangalia mayai siku zote, hata zisizo za masomo, na kuizuia mikono yake siku ya mwisho.

Maswali
1. Kwa nini joto la Msasani peke yake halitoi vifaranga?
2. Kuku huyageuza mayai kwa sababu gani?
3. Kifaranga akibanduliwa ganda mapema, hupatwa na nini?