Tarehe Ndiyo Inayosimamisha Jukwaa

Kila yanapozuka mazungumzo ya kufufua sanaa za maonyesho katika wilaya zetu za Masasi na Newala, neno la kwanza huwa jengo. Tukipata ukumbi, husemwa, vikundi vya ngoma vitainuka, maigizo yatarudi na vijana watakuwa na pa kwenda jioni. Hoja hiyo inavutia, lakini imeanzia mwisho. Historia ya majumba ya sanaa ya Afrika Mashariki, hasa yale makongwe yaliyokarabatiwa, inaonyesha kwamba jukwaa husimama kwa tarehe: siku inayojulikana na watu wote, inayorudi kila mwaka, na ambayo watazamaji wameiwekea nafasi na nauli. Penye tarehe, jengo hupatikana au hukarabatiwa. Pasipo tarehe, hata ukuta wa mawe hubaki ukuta.

Mfano wa wazi ni Ngome Kongwe ya Unguja. Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa. Kwa nyakati mbalimbali imekuwa gereza na karakana ya reli iliyokwenda Bububu, na mwaka 1949 ikageuzwa kuwa klabu ya tenisi ya wanawake. Katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa na kuwekewa jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Kuta ni zile zile, ila zimetumika kwa lolote walilotaka wenye mamlaka wa wakati ule. Kilichoifanya ngome hiyo ijulikane duniani kama mahali pa kutazama muziki na filamu ni matamasha mawili: lile la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, na Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 limekuwa likifanyika mwezi Februari. Mwaka 2016 Sauti za Busara lilifutwa kwa kukosa fedha. Ngome ilikuwepo, jukwaa lilikuwepo, ngazi hazikupungua hata moja, lakini Februari ile ilipita bila tamasha. Fedha zilipopatikana mwaka uliofuata, watu walirudi, kwa sababu walikwisha kuizoea tarehe.

Bagamoyo inatoa ushahidi wa upande wa pili. Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa huko 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kilianzisha tamasha lake mapema katika muongo ule. Mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa chuo uliteketea kwa moto, na ilipita miaka kadhaa kabla ya kujengwa mwingine. Hata hivyo tamasha halikuzikwa pamoja na ukumbi. Lilipofika 2023 lilihesabiwa kuwa la 42, hesabu isiyoruka hata mwaka mmoja. Kwa hiyo Unguja palikosekana fedha za kuendesha tarehe, kuta zikakaa kimya, na Bagamoyo kuta zikaungua, tarehe ikaendelea.

Tarehe nayo ina mwenyewe, na Nairobi inatufundisha hilo. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Kenya ulifunguliwa 1952, wakati wa ukoloni. Oktoba 1976, miaka 13 baada ya uhuru, wasanii wa Kenya walitaka kuutumia kwa tamthilia mbili zilizokuwa zikiandaliwa kwa tamasha la FESTAC la Lagos: Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na Usaliti Mjini ya Francis Imbuga. Walipewa siku chache tu, kwani ratiba ilikuwa imeshachukuliwa na maonyesho ya kigeni. Jengo liliitwa la taifa, ila kalenda yake haikuwa ya taifa. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, na wakulima na vibarua wakaigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Watazamaji walifika hata kwa mabasi ya kukodi. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo Novemba 1977, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ule ukumbi wa Nairobi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015, na ni jambo la kupongezwa. Lakini kipimo cha ukarabati huo kitabaki kile kile cha 1976: siku za Jumamosi anapewa nani?

Sasa turudi kwenye uwanda wetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao hawajawahi kukosa kalenda ya maonyesho. Baada ya mavuno ya chakula, kabla ya mvua, ndipo jando na unyago hufanyika, na siku ya vijana kutoka jandoni kijiji kizima hukusanyika uwanjani kutazama midimu, wachezaji wa vinyago ambao ng'ambo ya Ruvuma huitwa mapiko. Kisha huja msimu wa korosho: kuanzia Oktoba minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU hufunguliwa, na fedha huingia mifukoni mwa watu kwa miezi michache. Nyakati hizi mbili ndizo ukumbi wetu wa kihistoria, na ndizo zinazohitaji ukarabati. Tamasha la Makuya, lililoanzishwa Mtwara mwaka 2008 kupitia shirika la ADEA, lilithibitisha kwamba vikundi vya makabila haya matatu vikipewa siku na jukwaa, vinajaa. Ila Mtwara mjini ni takribani kilomita 200 kutoka Masasi, na mtazamaji wa kijijini hawezi kubeba gharama hiyo ili kutazama ngoma iliyotoka kijijini kwake.

Wapo watakaosema wilaya ambazo bado zinapambana na shida ya maji hazina haki ya kutumia senti kwa ngoma. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu hasa ya kutoanza na jengo. Ukumbi hugharimu fedha ambazo kweli zingechimba kisima, lakini tarehe hugharimu maandalizi, matangazo na ujira wa wasanii, na sehemu kubwa ya gharama hiyo inaweza kurudishwa na kiingilio. Wengine wataonya kwamba ngoma za jando na unyago zina siri zake, na zikipelekwa mbele ya umati zitavunjiwa heshima. Ni kweli, na sindimba ni ushahidi: ilipochukuliwa na vikundi vya majukwaa ya miji, kwa wengi ilibaki mzunguko wa kiuno bila mafunzo yaliyoizaa. Lakini sindimba ilipatwa na hayo kwa sababu waliopanga jinsi ya kuionyesha walikuwa mbali na wenye ngoma. Tarehe ikiwa yetu, makungwi na wazee wa jando ndio watakaoamua kipi kinatoka uwanjani na kipi kinabaki porini, kama walivyofanya siku zote.

Wa tatu watauliza kwa nini tusumbuke wakati simu zinaonyesha kila kitu. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala na fonografu, akanasa nyimbo kwenye mitungi ya nta, na hata kupiga picha zinazotembea za ngoma. Sauti hizo zikapelekwa Ujerumani. Tunapaswa kufurahi kwamba zilinaswa. Lakini mtungi hauwezi kuitikia. Ngoma ya uwanda huu hujengwa na mwimbishaji na waitikiaji, na mwitikio hubadilika kulingana na nani amekuja siku hiyo. Anayetazama peke yake kwenye kioo cha simu anapata sauti na sura, ila ile nusu ya onyesho ambayo ni ya hadhira inabaki wazi.

Kwa hiyo halmashauri za Masasi na Newala, pamoja na vyama vya ushirika, zinaweza kuanza na jambo dogo lisilosubiri mfadhili: kutangaza Jumamosi mbili za kudumu, moja Masasi wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, nyingine Newala mwezi Novemba, baada ya minada ya kwanza. Uwanja wa shule au ukumbi wowote uliopo unatosha. Vikundi vijulishwe mwaka mzima kabla, viandikiwe mkataba na vilipwe siku hiyo hiyo. Kiingilio kiwe cha bei ambayo mkulima anaimudu, na sehemu yake iwekwe akiba kwa ajili ya paa, taa na viti. Nasi watazamaji tuna wajibu usiohamishika kwa mtu mwingine: kufika, na kulipa. Wilaya itakayoitunza siku hiyo kwa miaka mitano mfululizo itakuwa na hoja ya kudai ukumbi ambayo hakuna mpanga bajeti atakayeipuuza, kwa sababu hadhira yake itakuwa imeshahesabiwa.