Madoa ya uso: kabla ya kupaka pomadi, tusome boksi



Juma hili tunaongea juu ya ngozi. Swali limetoka katika mikutano yetu ya AVEC, tena zaidi ya mara moja: «Nina madoa meusi kwenye mashavu. Nipake nini yatoke?» Wanauliza wamama waliotoka kuzaa, wasichana wa sekondari wenye chunusi, na hata mabwana zetu wanaopata vipele wakinyoa ndevu. Jibu wanalolipata sokoni ni la haraka: pomadi ndogo, bei rahisi, «majuma mawili tu utatakata». Sisi tunataka kuwapa jibu lingine. Ni la polepole, lakini halimgharimu mtu afya yake.

Doa linatoka wapi?

Rangi ya ngozi yetu inaitwa melanini. Inatengenezwa na chembe ndogo sana zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi, na kazi yake ni kutukinga na jua. Ngozi ikiumia, kwa mfano chunusi ikikamuliwa, mdudu akiuma, mafuta ya moto yakiruka au wembe ukikata, chembe zile zinashtuka na kumwaga rangi nyingi mahali pale. Kidonda kinapona, rangi inabaki. Hilo ndilo doa jeusi. Kwa hiyo doa si uchafu, na ndiyo sababu halitoki kwa kusugua. Ukisugua kwa jiwe, kwa wavu mkali, kwa ndimu au kwa dawa ya meno, unaiumiza ngozi mara ya pili, nayo inamwaga rangi mara ya pili.

Kuna madoa ya namna nyingine: mabaka ya kahawia kwenye paji la uso, mashavuni na juu ya mdomo, yanayotokea wakati wa mimba au kwa wengine wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi. Waganga wanayaita melasma. Yanaletwa na homoni zikisaidiana na jua. Kwa wamama wengi yanafifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kuzaa. Mama mwenye mimba asidanganywe kwamba amelogwa au kwamba damu yake ni chafu.

Tuseme neno pia juu ya jua letu. Bukavu iko karibu na ikweta, na iko juu, karibu mita 1 500 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo miale ya jua ni mikali hata siku ya mawingu, hata kama hewa ya ziwani ni ya baridi. Mama anayekaa na meza yake Kadutu kuanzia asubuhi hadi jioni, uso wazi, atapaka dawa yoyote ile na doa litarudi, kwa sababu jua linaliamsha kila siku.

Ndani ya pomadi ya haraka mna nini?

Zile pomadi na sabuni zinazong'arisha kwa majuma mawili, mara nyingi zina kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni dawa kali za kortizoni. Kwenye boksi zinaandikwa clobétasol au bétaméthasone. Hizi ni dawa za kweli za hospitali: munganga anaziandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, mahali padogo, kwa siku chache. Mtu akizipaka mwili mzima miezi na miaka, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari mipana, inaota chunusi na nywele usoni. Dawa inaingia hata katika damu: shinikizo la damu linaweza kupanda, na sukari pia. Vidonda vinachelewa kupona.

Cha pili ni idrokinoni, inayoandikwa hydroquinone. Inazuia chembe zisitengeneze rangi. Umoja wa Ulaya uliikataza katika vipodozi vya ngozi tangu 2001, na Afrika Kusini ilikuwa imeikataza mbele, mwaka wa 1990. Afrika Kusini ilikuwa na sababu: tangu 1975 waganga wa huko walieleza ugonjwa walioukuta kwa wanawake waliojipaka muda mrefu. Badala ya kung'aa, mashavu yalitoka mabaka meusi yenye rangi ya bluu ndani. Mabaka hayo ni magumu sana kuyaondoa. Basi mama alianza kwa kukimbia doa dogo, akamaliza na doa kubwa lisilotoka.

Cha tatu ni zebaki, inayoandikwa mercure, mercury, calomel au Hg. Hii ni sumu. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inapita kwa mtoto aliye tumboni. Taulo na shuka za anayejipaka zinaibeba, kwa hiyo hata watoto wasiojipaka wanaipata. Mkataba wa Minamata, uliofunguliwa huko Japani mwaka wa 2013, uliamua kwamba vipodozi vyenye zebaki viache kutengenezwa na kuuzwa. Bado vinapita mipakani.

Majirani zetu wa Rwanda, kuanzia mwisho wa 2018, walituma polisi na wakaguzi madukani kukamata vipodozi vya namna hii. Lakini bidhaa ikifukuzwa upande mmoja wa Ruzizi, inaweza kutafuta soko upande wa pili. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa nyumba ni mama anayesoma boksi.

Jihadharini zaidi na mukorogo, ile pomadi inayochanganywa nyuma ya meza na kutiwa ndani ya kopo lisilo na jina. Wengine wanatia hata maji ya javeli. Hapo hakuna cha kusoma, na anayekuuzia mwenyewe hajui kipimo.

Mama mmoja wa kikundi chetu

Mwenzetu mmoja ameturuhusu tuseme habari yake bila kumtaja jina. Alijipaka pomadi ya clobétasol kwa miaka minane. Ilianza na madoa ya chunusi kabla ya ndoa yake. Uso ukawa Fanta, vifundo vya vidole na miguu vikabaki Coca, kama vijana wanavyocheka njiani. Akaongeza dawa ili vidole vifuate uso. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Alipofika kujifungua mtoto wa tatu, ilibidi apasuliwe. Mtoto alitoka mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini kidonda cha tumbo kilikataa kufunga. Kilishonwa, kikaachia, kikatoa usaha, kikashonwa tena. Munganga alipomuuliza kuhusu pomadi, ndipo aliposema. Majuma mengi alilala hospitalini, mtoto akilelewa na dada yake, na faktura ikiendelea kupanda. Akiba yake ya mwaka ilikwenda yote, na kikundi kikachanga juu yake.

Leo amepona. Alituambia sentensi moja tuwaletee: «Kama mngeniuliza mapema bila kunicheka, ningesema.» Wamama, hiyo inatuhusu sisi wote. Tunamcheka anayejichubua, naye anajificha, na akijificha hatuwezi kumsaidia.

Hesabu ya nyumbani

Sisi walimu tunapenda hesabu. Tuchukue mfano tu: mama anayenunua pomadi ya franka 3 000 kila juma. Mwaka una majuma 52. Hiyo ni franka 156 000. Kila mmoja aweke bei yake ya kweli mahali pa 3 000, kisha alinganishe na minerivali ya mtoto wake. Hatusemi mama asijitunze. Tunasema aone anacholipa, na anacholipia.

Njia ya polepole

Doa la chunusi likiachwa kwa amani linafifia kwa miezi, mara nyingi sita hadi kumi na miwili. Haya ndiyo yanayolisaidia.

Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni laini isiyo na manukato makali. Tumia vidole, usitumie wavu. Futa kwa kugusa, si kwa kusugua.

Paka mafuta ya kawaida yanayotunza unyevu. Kwa mwili mkavu, vazelini au gliserini iliyochanganywa na maji inatosha. Kwa uso wenye chunusi, chagua mafuta mepesi, maana mafuta mazito yanaziba vitundu vya ngozi.

Jikinge na jua. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, kivuli cha turubai juu ya meza: hizi ni dawa za madoa pia. Mwenye uwezo atafute krimu ya jua yenye namba 30 au zaidi, aipake asubuhi, na arudie akikaa nje muda mrefu.

Usikamue chunusi. Kwa chunusi nyingi, omba ushauri kituo cha afya au farmasi inayojulikana. Kuna dawa nzuri kama peroxyde de benzoyle, nayo inatibu chunusi yenyewe, chanzo cha doa. Fahamu tu kwamba inafifisha rangi ya nguo na shuka. Acide azélaïque inasaidia chunusi na madoa pamoja, na hata mwenye mimba anaweza kuitumia munganga akikubali. Lakini trétinoïne na adapalène mwenye mimba asizipake.

Kwa mabwana wenye vipele vya ndevu: wanyoe kwa kufuata upande nywele zinakoota, wasirudie wembe mahali pamoja, na kila mtu awe na wembe wake.

Kuna pia wanaopendekezwa sindano za kung'arisha mwili, au «peeling» ya asidi katika saluni. Sindano hizo hazina kibali cha waganga kwa kazi hiyo, zinaweza kudhuru figo na ini, na sindano isiyo safi inaleta hepatiti na ukimwi. Asidi na mashine za leza zinaweza kusaidia madoa fulani, lakini kwenye ngozi nyeusi mkono usiojua unaunguza na kuacha doa jipya. Hiyo ni kazi ya munganga wa ngozi tu.

Kama umekwisha kuanza

Usijilaumu, na usitupe pomadi yote kwa siku moja kama unapaka kortizoni mwili mzima tangu zamani. Mwili umeizoea. Ukiiacha ghafla, ngozi inaweza kuwaka, kuwa nyekundu na kutoa chunusi kwa majuma, na wengine wanaishiwa nguvu kabisa. Watu wengi hurudi kwenye pomadi kwa sababu ya kipindi hicho, wakidhani ngozi inaidai. Nenda kwa munganga, umwonyeshe boksi, akupangie namna ya kupunguza. Lakini yenye zebaki iache leo hii. Na kama una mimba au unangoja upasuaji, sema unachojipaka hata kama hukuulizwa.

Mtoto mchanga asipakwe kamwe pomadi ya mama yake. Ngozi yake ni nyembamba, na dawa inapita haraka.

Usipake kitu, nenda kituo cha afya

Vipele vyenye maji au usaha pamoja na homa na tezi zilizovimba vinaweza kuwa mpox, ugonjwa tunaoujua hapa Kivu ya Kusini tangu ulipoonekana Kamituga mwaka wa 2023. Baka jeupe au jekundu lisilosikia ukiligusa au ukilichoma linaweza kuwa ukoma. Dawa yake ni ya bure, na ikianzwa mapema inazuia kilema. Duara linalowasha na kupanuka mara nyingi ni kuvu. Ukilipaka kortizoni linajificha kidogo, kisha linaenea. Doa jeusi jipya chini ya mguu au chini ya ukucha, linalokua, lionwe na munganga bila kungoja.

Maneno tunayosema mbele ya watoto

Darasani tunawasikia wasichana wakiitana «mweusi» kama tusi. Hawakuzaliwa na neno hilo. Wamelisikia nyumbani, tulipomsifu mtoto mmoja kwa «rangi nzuri» mbele ya ndugu yake. Msichana wa miaka kumi na mitano hana pesa nyingi, kwa hiyo atanunua pomadi ya bei ya chini kuliko zote. Tumsifu kwa kazi yake, kwa akili yake, kwa usafi wake, na tumwambie waziwazi kwamba uso wake ni mzuri ulivyo.

Kwa mkutano ujao tunaomba jambo moja. Kila mama alete boksi, kopo au sabuni anayotumia yeye na watoto wake. Tutasoma pamoja yaliyoandikwa, neno kwa neno, na tutamwomba muuguzi wa kituo cha afya akae nasi. Hatutamcheka mtu, wala hatutaandika jina la mtu. Asiyejua kusoma Kifaransa atasomewa.

Tukutane juma lijalo, tukiwa na afya.