Maruerue au Buufis? Lugha na Maradhi ya Akili kwa Vijana wa Dagahaley

Makala haya yanaliangazia neno moja la Kisomali, buufis, na yale linayotufunza kuhusu tofauti za maradhi ya akili baina ya jamii. Asili yake ni dhana ya kupuliza hewa ndani ya kitu. Katika kambi za Dadaab, Garissa, ambako Dagahaley ilianzishwa mwaka 1992, neno hili hutaja shauku ya kuhamia ng'ambo, na vilevile hali ya mtu aliyevurugwa akili na shauku hiyo safari ilipokwama.

Tofauti zenyewe zipo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2006 ulibaini skizofrenia kwa Waafrika weusi takriban mara sita kuliko kwa Waingereza weupe. Kwa wenye asili ya Karibea ilikuwa mara tisa. Ilhali tafiti za Jamaika, Trinidad na Barbados hazikukuta wingi huo visiwani kwenyewe. Basi si suala la damu. Nchini Sweden, mwaka 2016, ilidhihirika kuwa wakimbizi wamo hatarini zaidi ya wahamiaji wengine kwa asilimia 66, isipokuwa waliotoka Afrika Kusini mwa Sahara: wao walikuwa na kiwango cha juu, wakimbizi kwa wasio wakimbizi.

Hata hivyo, kila hesabu huanza na swali. Kijana huulizwa iwapo husikia sauti wasizozisikia wenzake. Akikubali, huandikwa kuwa ana maruerue, ingawa maruerue huwapitia wengi wasio wagonjwa. Akitaja jini je? Tusimcheke: wazimu letu lina shina moja na mzimu, na majnuni ya Waarabu imetokana na jini yuyo huyo.

Hapo ndipo mkalimani hubeba mzigo. Akiifasiri buufis kuwa wazimu, huenda kijana mwenye majonzi akapewa dawa asizozihitaji. Akiifasiri kuwa hamu ya safari, mgonjwa hurudishwa nyumbani bila tiba, na kwa maoni yangu kosa hili ndilo zito zaidi, kwani desturi ya kuwafunga wagonjwa minyororo inajulikana vyema nchini Somalia.

Afadhali buufis liandikwe lilivyo, kisha mkalimani aulize: sauti hiyo husema nini, kwa lugha gani, na ilianza kabla au baada ya safari kukwama?