Hadhari ya Tumbo kwa Wasafiri wa Katavi

Atokaye Mpanda mjini akashika njia ya Sitalike, yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974, aghalabu huwa amejiandaa kwa kumhofu simba, nyati na kiboko, na hofu hiyo ina haki yake. Walakini katika kambi za porini, ambako jamaa wengi hula sinia moja na kutumia choo kimoja, adui mwepesi zaidi wa kuwaangusha ni maradhi ya tumbo, nayo huingia kambini kwa mikono ya wasafiri wenyewe.

Maji, bila shaka, yana hatari yake. Kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, Mto Katuma hupungua ukabaki madimbwi, na viboko kwa mamia husongamana humo wakayachafua kwa samadi yao. Maji ya namna hiyo yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe hata yatokote kwa dakika nzima; kwani dawa ya klorini, ijapokuwa huua bakteria na virusi vingi, haivishindi vijidudu kama kriptosporidiamu, ambavyo moto huviangamiza.

Lakini wako wachemshao maji kwa bidii asubuhi, kisha adhuhuri wakachovya mikono, mmoja baada ya mwenzake, katika beseni moja lisilo na sabuni, na hivyo uchafu wa mmoja ukawa wa wote. Kirusi kiitwacho norovirusi, kiletacho kutapika na kuharisha, chahitaji chembe chache mno kumwangusha mtu mzima, na kitakasa mikono cha spiriti hakifui dafu mbele yake kama yafanyavyo maji na sabuni. Ada ya wazee wetu wa pwani, ya kumnawisha mgeni kwa birika ili maji yaliyokwisha kutumika yasirudi mkononi, ilikuwa na hekima kubwa. Na porini kibuyu chirizi kilichotundikwa kando ya choo na kingine kando ya jiko, kila kimoja na sabuni yake, hufanya kazi ile ile.

Choo nacho kichimbwe mbali na maji, si chini ya mita 60. Mgonjwa atengewe kikombe na sahani, anyweshwe maji ya chumvichumvi, na yakikosekana, lita moja ya maji safi itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa.

Na mpishi akiugua, asiguse chakula mpaka zipite siku mbili kamili tangu kupona, maana mwili wake bado hutoa virusi. Hapa pana jambo la insafu: mpishi alipwaye kwa siku huuficha ugonjwa wa tumbo kwa kuchelea kukosa posho, basi kumkata ujira ni kuwanunulia wasafiri wote maradhi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoani kilitufunza kwamba maradhi husafiri pamoja na watu, na ya kambini hayataishia kambini, bali yatarudi Mpanda sokoni na majumbani. Kwa hiyo kila kiongozi wa msafara, kabla gari halijaondoka, na ahesabu sabuni kama ahesabuvyo mafuta, na amwahidi mpishi wake, mbele ya wote, kwamba siku ya ugonjwa italipwa.