Kadi za sherehe: tengeneza nyumbani, mjini nenda kuchapa tu

Harusi au kipaimara kinakaribia, na kadi mnaweza kuzipanga wenyewe kwenye simu. Fedha hupotea mkifika steshenari: faili linafunguliwa, maandishi yana ukungu.

Hapo kosa si la printa. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ikitumwa kama picha ya kawaida. Hifadhi kadi yako kama PDF, kisha itume kama dokumenti, itafika ilivyo.

Panga kadi nne kwenye ukurasa mmoja wa A4. Karatasi hiyo ina milimita 210 kwa 297, hivyo ukiikata mara nne kila kadi inakuwa kama 105 kwa 148. Kadi 100 ni karatasi 25 tu. Ongeza mbili za kuharibika.

Chapeni karatasi moja kwanza, muisome kwa sauti, na awepo mzee anayejua majina ya ukoo. Linganisheni tarehe na siku kwenye kalenda. Sisi hapa studio tuliwahi kuchapa kadi 60 zenye tarehe sahihi na siku isiyo yake. Tulikesha tukisahihisha kwa kalamu, na bado wageni wawili walikuja kesho yake.

Manila iliyobaki msiitupe. Kateni pembetatu, kunjeni ukingo wa juu kwenye uzi, pakeni gundi, tayari mna vibendera vya ukumbini. Vitundikeni mbali na mishumaa.