Sweta ya Soo Mbili: Kabla Uitupe, Cheki Kama ni Sufu ya Ukweli

Julai ikifika Nairobi, kila mtu anakumbuka Gikomba. Bale inafunguliwa, wenye doo wanabeba kamera, sisi wengine tunangoja bei ishuke. Unachukua sweta yako ya soo mbili, unaivaa msimu mmoja, inaota vinundu kwapani, halafu unaitupa. Inaenda wapi?

Tembea hadi pale soko linapakana na Mto Nairobi, ama cheki Dandora. Nguo ziko huko zimelala, na nyingi hazina haraka ya kuoza. Manze, sweta nyingi tunavaa ni plastiki iliyofumwa. Akriliki na poliesta zinatengenezwa kutoka kwa mafuta, ni familia moja na chupa yako ya soda. Hata ile "wulu" ya kufuma unanunua dukani, soma lebo. Mara nyingi hakuna kondoo hapo.

Sufu ya ukweli ni story tofauti. Ni keratini, kitu ile ile iko kwa nywele na kucha zako. Ukiizika kwa udongo wenye unyevu, bakteria na kuvu zinaila pole pole, na inaachia mimea naitrojeni. Huko Yorkshire, Uingereza, wakulima walikuwa wakimwaga mabaki ya viwanda vya sufu shambani kama mbolea. Uongo mbaya.

Lakini kuizika ni mwisho kabisa. Sufu inarudi kazini. Mwaka wa 1813, jamaa anaitwa Benjamin Law wa mji wa Batley, hapo hapo Yorkshire, alianza kurarua matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kusokota uzi tena. Leo mji wa Prato kule Italia unajulikana kwa hiyo kazi. Sweta kuukuu zinachaguliwa kwa mkono kulingana na rangi, nyekundu huku, buluu kule, ndio uzi ukitoka hauhitaji kupakwa rangi upya. Shida ni moja: kila ukirarua, nyuzi zinakuwa fupi, kwa hivyo lazima uongeze kitu nyingine ya kushikilia.

Na si lazima uende Italia kuona sufu. Kina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wanasokota na kufuma sufu ya kondoo kwa mkono tangu 1977.

Sasa usidhani kondoo ni malaika. Anatoa methani kama ng'ombe, na sufu ni kama asilimia 1 tu ya nyuzi zote duniani. Ndio maana sikwambii ukimbilie mpya ya bei ghali. Nakwambia ujue kuitambua ikiwa kwa mtumba, juu wauzaji wengi wanaiuza bei moja na akriliki.

Ukiwa soko, anza na lebo. Kama imekatwa, nunua tu kwanza, ufike nyumbani utoe kauzi kamoja kwa mshono wa ndani. Kashike na kibanio, juu ya sinki, uwashe. Sufu inaungua pole pole, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yanasagika kwa vidole yakipoa. Akriliki inawaka mbio, inayeyuka, na inabaki kitone kigumu. Usijaribu hii mbele ya muuzaji, atakufukuza.

Kufua nayo ni maji baridi, sabuni kidogo, na usisugue. Mimi nilitia yangu kwa maji moto nikifikiri naua viini. Ilitoka saizi ya mtoto wa nasari, ngumu kama kapeti. Na haihitaji kufuliwa kila wiki. Ianike tu mahali penye upepo, harufu inaisha. Ukiiweka mpaka msimu ujao, iwe safi kwanza, maana nondo wanapenda sufu chafu.

Na ikitoboka? Igeuze ndani nje. Kama vipande vimefumwa na kuunganishwa kwa uzi, fundi anaweza kufumua yote akupatie uzi mrefu wa kufuma kofia na soksi. Lakini kama pindo limekatwa kwa makasi na kupigwa ovaloki, uzi utatoka vipande vipande. Hiyo shonea kiraka, uendelee kuivaa.