Nyama ya soja: tuliipika Kipese, tukaionja

Kipese tunalima soja, lakini katika sahani zetu haionekani. Tukisha vuna, mifuko inapanda pikipiki kwenda Butembo, na watoto wanabaki na bugali na sombe. Nyama ni ya Noeli ao ya matanga. Jamaa zilizokimbia vita zilipoteza mbuzi na kuku. Ndiyo maana bwaki haijatutoka.

Basi siku moja wamama na wababa wa koperative tulikaa pamoja, tukapika.

Tulichukua kilo 1 ya soja, tukaichagua, tukailoweka usiku kucha. Asubuhi tuliisaga pamoja na maji, yote karibu litri 8, tukaichemsha dakika 20 huku tukikoroga, kwani inafura na kumwagika upesi. Tusifupishe hapa: soja isiyoiva inaumiza tumbo. Kisha tulichuja kwa kitambaa safi, tukarudisha maziwa motoni, tukatia maji ya ndimu. Mara ya kwanza tuliyamimina yote pamoja; nyama ikatoka ngumu na chachu. Mara ya pili tulitia kidogo kidogo, mpaka maziwa yakagandamana. Tukaifunga katika kitambaa na kuweka jiwe juu yake saa 1. Tulipata karibu kilo 1 na nusu.

Na utamu je? Tuseme kweli: ikiwa tupu, haina ladha. Baba mmoja alisema, "Ninatafuna kitambaa!" Wamama wakaikata, wakaitia chumvi, wakaikaanga katika mawese pamoja na kitunguu na tomati, nyingine wakaichanganya na sombe. Watoto walifuta sahani. Baba yule yule aliomba tena.

Machicha hatukuyatupa: tuliyachanganya na unga wa muhogo, tukakaanga mikate midogo. Nguruwe pia wanayapenda.

Katika gramu 100 za soja kavu mna karibu gramu 36 za protini. Katika maharagi kavu, karibu 22. Lakini mtoto aliyevimba miguu asingojee soja: apelekwe kituo cha afya leo.

Nyumba ikipika kilo 1 kila juma, kwa mwaka ni kilo 52, yaani mfuko mmoja na kidogo. Tunajua mfuko huo ni pesa ya masomo. Lakini mtoto mwenye njaa anasoma nini? Mavuno yanayokuja, wenzetu, mfuko mmoja ubaki nyumbani kwanza, ndipo tuite pikipiki.